Inanga inanong'ona, fundi yuko wapi? Somo la Mzee Mingiedi kwa mafundi wa Bugarama

Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, ufuko wa Magara katika Bugarama hugeuka karakana. Betri zilizochajiwa kwa sola mchana kutwa hushushwa kwenye mitumbwi, nyaya hukazwa, taa hujaribiwa moja baada ya nyingine. Taa iliyokataa kuwaka hukimbizwa kwa fundi. Fundi naye ana dakika chache tu, maana ndagala hawamsubiri mtu.

Anaifungua, anapuliza vumbi, anagusa waya huu na ule, anayeyusha risasi kidogo, taa inawaka. Analipwa na kurudi kwenye meza yake iliyojaa redio zilizofumuliwa, spika zilizopasuka, simu zilizokufa na chaja za kila namna. Usiku kucha ziwa litang'aa kwa kazi ya mikono yake, na hakuna atakayetaja jina lake.

Bugarama tunayoizungumzia si ile ya Muramvya yenye soko la mboga linalojulikana na kila dereva atokaye Bujumbura kwenda bara, wala si ile ya Rusizi nchini Rwanda. Ni Bugarama ya ziwani, kwenye barabara ya kitaifa namba 3 kati ya Bujumbura na Rumonge, ambako michikichi inashuka kutoka milimani hadi karibu na maji na Kiswahili kinasikika sokoni pamoja na Kirundi.

Makala haya yanamhusu fundi huyo, ingawa yatazunguka hadi Kinshasa, Kampala na Dar es Salaam kabla ya kurudi kwenye meza yake. Juu ya meza hiyo kuna karibu kila kitu kinachohitajika kuunda ala ya muziki ya umeme. Hilo lilikwisha kuthibitishwa na dereva mmoja wa Kongo aliyeunda yake kwa mikono, bila kiwanda wala mfadhili. Na Burundi, nchi ambayo sauti yake imezunguka dunia kwa mashine za watu wengine, ina sababu ya kulisikiliza somo lake kuliko jirani yeyote.

Ngoma iliyosafiri bila wenyewe

Mwaka 1967, Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walifika Bukirasazi, katikati ya Burundi, wakiwa na mashine ya kurekodi. Waliwarekodi wapiga ngoma wa huko, na mwaka uliofuata sauti hizo zikatoka katika santuri ya muziki wa Burundi iliyochapishwa na Ocora, kampuni ya redio ya taifa ya Ufaransa.

Miaka michache tu baadaye ngoma hizo zikaanza maisha mengine. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa aliyejiita Mike Steiphenson alichukua rekodi ya Bukirasazi, akaipakia vinanda na gitaa juu yake, na kuitoa kwa jina la "Burundi Black". Wimbo huo uliingia katika chati za mauzo za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliitumia rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line", pamoja na kinanda cha elektroniki aina ya Moog. Ni mmoja wa nyimbo za mwanzo kabisa katika muziki wa pop kujengwa juu ya kipande cha rekodi ya watu wengine kinachojirudiarudia, mtindo ambao leo kila mtayarishaji wa muziki mwenye kompyuta anaujua. Ilipofika mwaka 1980, mapigo ya Burundi yalikuwa msingi wa nyimbo za vijana wa London kama Adam and the Ants.

Jina lililoandikwa kwenye "Burundi Black" lilikuwa la Steiphenson. Mwaka 1981 gazeti la New York Times liliandika kwamba wapiga ngoma wenyewe hawakuwa wakigawiwa chochote katika faida ile.

Mtu anaweza kuuliza: kwani ngoma si mali ya wote? Hapo ndipo penye kitanzi. Kwa kawaida sheria za hakimiliki hazimpi mtu mmoja umiliki wa pigo la jadi ambalo halina mtunzi anayejulikana. Lakini rekodi ya pigo hilo ina mwenyewe, naye ni yule aliyerekodi. Mwenye mashine ndiye aliyekuwa na haki. Mwenye ngoma alibaki na ngoma yake, na jasho lake.

Leo ngoma ya kifalme ya Burundi ina ulinzi zaidi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Oktoba 2017 amri ya rais iliweka masharti kuhusu nani aipige, wapi na kwa kibali gani, na ikawazuia wanawake kuipiga. Watu wana maoni yao kuhusu masharti hayo. Lakini hakuna anayebisha kwamba ngoma sasa inahesabiwa kuwa kitu cha thamani.

Vipi kuhusu ala nyingine?

Sauti isiyovuka mlango

Burundi ina moja ya sauti kubwa kuliko zote Afrika, na pia ina moja ya sauti ndogo kuliko zote. Ngoma haikuwahi kuhitaji umeme. Ukiipiga Gishora, kilima cha pili kinasikia. Inanga haivuki mlango wa nyumba.

Inanga ni ubao uliochongwa kama karai refu, na juu yake kamba moja ndefu hupitishwa kwenda na kurudi hadi ikawa nyuzi saba au nane. Kwa jadi kamba hiyo hutengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Mpigaji anakaa chini, wasikilizaji wanasogea karibu, na katika mtindo unaojulikana zaidi yeye haimbi kwa sauti. Ananong'ona.

Mnong'ono, kama kila mtu anavyojua, hauna sauti ya juu wala ya chini. Huwezi kunong'ona wimbo. Hata hivyo, anayemsikiliza mpiga inanga anasikia mnong'ono ukipanda na kushuka kama wimbo kamili. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales, katika makala aliyoichapisha mwaka 2002, alieleza kwamba nyuzi ndizo zinazobeba tuni, huku mvumo wa inanga na pumzi ya mnong'onaji vikichanganyika kiasi kwamba sikio linaviunganisha kuwa kitu kimoja. Wimbo unakamilika ndani ya kichwa cha msikilizaji.

Santuri ileile ya mwaka 1968 iliyobeba ngoma ilibeba pia mnong'ono huo wa inanga. Lakini London haikuuchukua mnong'ono. Ilichukua kishindo.

Ikembe ina tatizo hilohilo la udogo wa sauti. Ni kisanduku kidogo cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Upande wa Kongo wanaiita likembe, Waacholi wa Uganda wanaiita lukeme, Tanzania ina ndugu zake wanaoitwa malimba au ilimba. Umuduri, upinde wa waya wenye kibuyu, nao ni hivyohivyo. Ni ala za mtu mmoja, za njiani, za jioni, za kumliwaza mchungaji au mlinzi. Zilitosha pale ambapo jioni ilikuwa kimya.

Jioni ya sasa si kimya. Ufukweni kuna injini za boti, pikipiki za teksi, spika za baa na jenereta. Kijana anayepiga ikembe leo anapigana na kelele hizo kwa vidole viwili, na ndiyo maana wengi wameshaiweka ikembe ukutani na kuchukua simu.

Dereva aliyetengeneza maikrofoni

Kelele hizohizo zilimkabili Mawangu Mingiedi. Alizaliwa mwaka 1930 katika jamii ya Wazombo, watu wa mpaka wa Kongo na Angola, akahamia Kinshasa na kufanya kazi ya udereva. Muziki wa kwao ulikuwa wa likembe na pembe. Alipoupeleka mjini, uligongana na magari, baa na magitaa ya rumba yaliyokuwa na amplifaya.

Mingiedi hakuweza kununua vyombo vya dukani. Kwa hiyo alichukua likembe zake na kuzitia umeme mwenyewe. Alichonga vipande vya mbao, akavitia sumaku alizozichomoa katika vipuri vya magari mabovu, akazungushia waya wa shaba, na hapo akawa na kinasa sauti cha umeme. Alitumia amplifaya za kuokoteza na honi kubwa za kutangazia, zile za mikutano ya hadhara. Wapigaji wa ala za kugonga walitumia ngoma pamoja na sufuria na vyuma vya magari. Kundi hilo likajulikana kama Konono N°1, likiwa na likembe tatu za umeme: ya sauti ya juu, ya kati na ya besi.

Mwaka 1978 sauti yao ilirekodiwa Kinshasa, na mwaka 1987 Ocora, kampuni ileile iliyotoa santuri ya Burundi, ikaitoa katika mkusanyiko wa muziki wa mitaa ya Kinshasa. Mbelgiji Vincent Kenis aliusikia muziki huo redioni huko Ulaya na hakuusahau. Miaka mingi baadaye alikwenda Kinshasa kuwasaka, akawarekodi, na mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu yao "Congotronics".

Mingiedi alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini dunia ilipoanza kumwita. Kundi lake lilipiga katika kumbi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2007 walisikika katika albamu ya Björk wa Iceland. Walishiriki pia katika albamu ya Herbie Hancock ya mwaka 2010, katika wimbo uliokuja kushinda tuzo ya Grammy. Mzee alipofariki Aprili 2015, likembe ilibaki mikononi mwa mwanawe Augustin.

Linganisha sasa na Bukirasazi. Katika visa vyote viwili Mzungu alikuja na mashine ya kurekodi na kampuni ya Ulaya ikauza. Tofauti iko hapa: sauti ya ngoma ingeweza kukatwa, kubandikwa na kuuzwa bila mpigaji, kwa sababu aliyeisikia London hakujua na hakuhitaji kujua kama kuna mtu nyuma yake. Sauti ya Konono haikuweza kutenganishwa na chombo kilichoitoa, na chombo hicho kilikuwa kimoja tu duniani, kwa fundi wake. Aliyeitaka sauti ile alilazimika kumfuata Mingiedi, kumwita kwa jina lake na kumkatia tiketi ya ndege.

Kukwaruza si kosa

Kulikuwa na jambo jingine. Vyombo vya Mingiedi vilikwaruza. Sumaku za kuokoteza na amplifaya zilizozidiwa zilifanya likembe itoe mlio mkali wenye mvumo ndani yake. Fundi mitambo wa studio angeona hilo ni hitilafu na kutafuta namna ya kuliondoa.

Lakini tazama ikembe ya kawaida kwa makini. Mara nyingi utakuta kwenye vijiti vyake vimezungushiwa pete ndogo za waya zilizolegea. Si uchakavu. Mtengenezaji ameziweka makusudi ili kila kijiti kikipigwa, kitoe noti pamoja na mvumo wa nyuki. Sikio la watu wa nchi hizi lilikwisha kuuzoea mvumo huo kabla umeme haujafika. Mingiedi alipousikia mkwaruzo wa spika zake hakuona kosa. Alisikia pete za likembe zimekua.

Huu ni msaada mkubwa kwa fundi wa ufukweni. Maana yake ni kwamba hahitaji kusubiri vyombo safi vya bei mbaya ndipo aanze. Chombo chake duni, kikitumiwa kwa sikio la huku, kinaweza kuwa ndicho chombo sahihi.

Majirani wameshaanza

Tangu Mingiedi, wengine wamefuata njia zao. Kinshasa kuna Fulu Miziki, jina ambalo kwa Kilingala maana yake ni muziki wa takataka. Kundi hilo lilianzishwa na Pisco Crane, fundi anayeunda ala kutokana na vitu vilivyotupwa: mabomba ya plastiki yanayopigwa kwa kandambili, madumu, masanduku ya kompyuta, vyuma vya kila aina. Hawaishii kwenye ala. Mavazi na barakoa wanazopanda nazo jukwaani wanazishona na kuziunda wenyewe kwa taka hizohizo, hivi kwamba onyesho lao ni muziki na sanaa ya mikono kwa wakati mmoja. Mwaka 2020 walikaa Kampala na kufanya kazi na watu wa Nyege Nyege, na mwaka 2022 wakatoa rekodi yao "Ngbaka".

Nyege Nyege yenyewe, yenye makao Kampala na tamasha lililoanzia Jinja mwaka 2015, imekuwa mlango wa wengi. Kupitia huko dunia iliisikia singeli ya uswahilini Dar es Salaam, muziki wa mwendo wa kasi unaotengenezwa kwa kompyuta za kawaida katika vyumba vidogo. Mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" wa mwaka 2017 ulitoka studio ya mtaani Mburahati. Kupitia huko pia alisikika Otim Alpha wa Gulu, mwimbaji wa harusi. Yeye na mtayarishaji Leo Palayeng waliuhamishia muziki wa harusi wa Waacholi kwenye kompyuta, wakati ambapo kuliita kundi zima la ngoma lilikuwa gharama isiyobebeka kwa familia nyingi.

Katika visa hivi vyote hakuna aliyeanza kwa lengo la kuwafurahisha wageni. Mingiedi alitaka kusikika mtaani. Otim Alpha alitaka harusi iwe na ngoma. Singeli ilikuwa ya vigodoro. Waliyatatua mahitaji ya hapohapo kwa vitu vya hapohapo, na wageni wakaja baadaye.

Kwenye meza ya fundi

Turudi Bugarama. Fundi wetu ana nini?

Ana sumaku. Kila spika iliyopasuka ina sumaku nyuma yake, na magurudumu ya sumaku ya pikipiki zilizokufa yana nyingine. Ana waya mwembamba wa shaba, uliojificha ndani ya transfoma ndogo, rilei na mota za redio za kaseti. Ana betri za volti 12 na sola za kuzichajia, zilezile za taa za wavuvi. Na pasipo na karabai tena, ana ujuzi wa umeme mdogo ambao baba yake hakuwa nao.

Kinachofanyika ni hiki. Kijiti cha chuma kikitikisika karibu na sumaku iliyozungushiwa waya, kinausukasuka uga wa sumaku, na katika waya unazaliwa umeme mdogo sana unaofuata mtikisiko huo. Umeme huo ukipelekwa kwenye amplifaya, unatoka katika spika kama sauti. Hicho ndicho kinasa sauti cha gitaa la umeme, na hicho ndicho alichokiunda Mingiedi. Kazi ngumu ni kuzungusha waya: kinasa cha gitaa huwa na mizunguko elfu kadhaa ya waya mwembamba kama unywele. Inataka subira, lakini anayefuma nyavu za ndagala haogopi kazi ya subira.

Kwa ikembe na umuduri njia hii inafaa, kwa kuwa vijiti na waya wake ni chuma cha kushikwa na sumaku. Ajaribu kwanza kwa kugusisha sumaku: isiposhika, kinasa hakitasikia kitu.

Kwa inanga ya mishipa ya ng'ombe sumaku haina kazi, kwa sababu mshipa si chuma. Hapo kuna njia ya pili, nayo ni rahisi zaidi. Ndani ya saa za mezani zenye kengele, vitu vya watoto vya kulia na kadi za salamu zenye muziki kuna kisahani chembamba cha shaba ya njano kilichopakwa tabaka jeupe. Kisahani hicho hutoa mlio kikipelekewa umeme. Kikigeuziwa kazi, yaani kikibandikwa kwenye ubao unaotikisika, hutoa umeme. Kibandike chini ya inanga, unganisha nyaya zake mbili kwenye amplifaya, na ubao mzima umekuwa maikrofoni.

Na mnong'ono? Kwa huo hata spika ndogo ya redio inatosha kuanzia. Spika na maikrofoni ni ndugu: ukiiunganisha spika ndogo kwenye tundu la kuingizia sauti la amplifaya na kunong'ona mbele yake, utajisikia. Sauti haitakuwa nzuri kama ya maikrofoni ya dukani, lakini itakuwa imevuka mlango.

Yapo ya kuangalia. Spika kubwa ikielekezwa kwenye maikrofoni, sauti itazunguka na kupiga ukelele, ziwekwe mbalimbali. Betri ya volti 12 ikigusanishwa nyaya zake inaweza kuwasha moto. Fyuzi ni lazima. Na majaribio haya yafanywe kwa betri, si kwa umeme wa ukutani, ambao hausamehe.

Jina la nani kwenye rekodi?

Chombo kikishapatikana, linabaki swali la Bukirasazi: nani atashika mashine ya kurekodi?

Safari hii jibu linaweza kuwa tofauti, kwa sababu mashine hiyo iko mfukoni mwa kila kijana. Simu ya kawaida inarekodi vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Anayejirekodi mwenyewe, akaandika tarehe, majina ya waliopiga na makubaliano ya mgao hata kwenye karatasi ya daftari, tayari ana kitu ambacho wazee wa Bukirasazi hawakuwa nacho. Rekodi ni yake. Burundi ina ofisi ya haki za watunzi, OBDA, kama Tanzania ilivyo na COSOTA, na kazi ya ofisi hizo inaanza na msanii anayeweza kuonyesha kilicho chake. Na wa kwanza kuusikia si lazima awe Mbelgiji: Rumonge kuna redio ya Izere FM, na Kigoma na Uvira ziko kwenye ufuko wa maji haya haya.

Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapomhusu fundi wa Magara, ingawa si kawaida kuitaja mbele ya redio iliyofumuliwa. Burundi iliingia mwaka 2007. Mwaka 2022 iliingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa hatua hiyo Kinshasa ya Mingiedi na Bugarama zikawa nyumba moja kwa makaratasi. Kila mwaka tunasikia habari za malori, ushuru na bandari. Ni nadra kusikia mafundi wa ala wakipelekwa kwa wenzao: mtengeneza likembe wa Kinshasa akakaa mwezi mmoja Rumonge, au mpiga inanga wa Gitega akakutanishwa na mtayarishaji wa Gulu. Gharama ya safari hiyo haifiki ya semina moja ya hotelini.

Kuna hofu inayostahili kusemwa. Wapo wazee watakaosema kwamba inanga yenye waya si inanga tena; kwamba mnongo wake ulikuwa katika kule kusogea karibu, na ukiukuza kwa spika umeuua. Hoja hiyo ina uzito. Mnong'ono unaosikika uwanja mzima unaweza kugeuka kelele nyingine tu.

Lakini ikembe iliyotundikwa ukutani nayo imekufa, tena kimya. Na maikrofoni haimlazimishi mtu kupiga makelele. Inaweza kutumika kuuacha mnongo uwe mdogo vilevile, ila ufike kwa watu arobaini badala ya wanne. Uamuzi huo ni wa sikio, na sikio linalofaa kuuamua ni la mtu aliyekulia akisikia ala hiyo, si la mgeni mwenye mkoba wa vifaa.

Alfajiri mitumbwi inarudi Magara. Taa zinazimwa, ndagala wanamwagwa, betri zinarudishwa kuchajiwa. Mchana fundi huwa na nafasi kidogo, kazi nyingi huja jioni. Sumaku iko chini ya meza, ndani ya spika iliyopasuka ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Ikembe, kwa wengi, iko nyumbani kwa babu.